Siku saba bila kuona nchi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama yako. Unasema umekata tiketi ya meli ya Queen Mary 2, Southampton, Uingereza, hadi New York, mwezi wa kumi, na unauliza: "Baba, wiki nzima bila kuona nchi, na mimi hata Jumapili moja ya kukaa bure hunishinda. Wewe na Mama mlipovuka kwa meli hiyo, mlizipitishaje siku zile?"

Ujue kwanza kwamba siku zenyewe ni ndefu kuliko unavyodhani. London na New York zinapishana saa 5, na kwa kuwa meli inakwenda magharibi, saa hurudishwa nyuma njiani, moja moja. Mara tano tuliishi siku ya saa 25. Wengi walipanda na haraka ya kumaliza kila kitu, hotuba asubuhi, karata mchana, dansi usiku, na siku ya tatu walishachoka na meli na kuchokana wao kwa wao.

Sisi tuliifunga siku kwenye vigingi vichache, kama mashua. Cha kwanza ni swala. Tulikuwa wasafiri, kwa hiyo tulizipunguza swala na kuzikusanya, lakini kibla, upande wa Makka, kilitupa kazi. Southampton kipo kusini-mashariki. Ukifika New York kipo kaskazini-mashariki. Katikati ya bahari kinageuka polepole, siku hadi siku, na mama yako akawa anausogeza mswala kidogo kila alfajiri kwa kufuata dira ya simu. Alikuwa akinionyesha: "Jana ulikuwa umeelekea mlango, leo umeelekea kabati." Hakuna kitu kilichonifahamisha kwamba tunasafiri kama mswala ule, maana nje maji ni yale yale.

Cha pili ni kutembea. Sitaha ya 7 imeizunguka meli nzima, na mzunguko mmoja unazidi nusu kilomita. Anzia demani, upande wenye kinga ya upepo. Ukikata kona na kutokea joshi, upande unaopigwa na upepo, shika kofia kwa mkono. Babu yako alizoea kusema, "Uendako tezi na omo, marejeo ni ngamani," na mimi nilikwenda tezi na omo, nyuma na mbele ya meli, kila asubuhi, mizunguko sita, kisha ngamani, ndani, kwa mama yako na chai. Saa sita mchana nahodha hutangaza meli ilipo, upepo na kina cha maji. Usikose. Siku aliyotaja kina cha karibu mita 3,800, mzee mmoja mezani kwetu alisema Titanic imelala kwenye kina kama hicho, upande wa kaskazini wa njia yetu, na watu wote wakanyamaza na vijiko mkononi.

Siku ya nne ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Tulikuwa tumeingia kusini ya Newfoundland, kisiwa cha Kanada, pale mkondo wa baridi wa Labrador unapokutana na maji ya joto yanayopanda kutoka kusini. Ilikuwa mwezi wa sita, na ukungu ulishuka mpaka reli ya sitaha ikapotea. Sheria ya bahari inataka meli ipige honi moja ndefu angalau kila dakika mbili, ili meli nyingine ijue ipo. Ilipigwa hivyo tangu asubuhi mpaka magharibi. Abiria walinung'unika. Mama yako akatoa tasbihi, na kati ya honi na honi akawa anamaliza thelathini na tatu. Nilimtazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa umetulia kama yuko kibarazani kwetu, Lamu.

Wewe mwezi wa kumi utapata upepo zaidi kuliko ukungu. Kama chumba hujachagua, chukua cha katikati ya meli, sitaha za chini, huko mtikiso ni mdogo. Beba tangawizi kavu. Intaneti ipo, ila nakusihi ufungue mara moja tu kwa siku.

Na beba kazi ya mikono. Hilo ndilo jibu langu hasa, kwa mtu kama wewe. Mimi nilibeba kofia ya vito, ile ya kudarizi kwa sindano, niliyoianza Lamu. Kofia haiishi kwa wiki, na ndiyo sababu niliichukua: huwezi kuikimbiza, na bahari huwezi kuikimbiza. Nilikaa karibu na dirisha, kitobo baada ya kitobo, na watu walikuja kutazama, wakavuta viti, wakazungumza. Marafiki wote tuliowapata melini waliletwa na sindano ile.

Imekwisha sasa. Ukija nyumbani kabla ya safari nitakuvisha. Utaona upande wa nyuma safu moja imekwenda kombo kidogo. Hapo ndipo honi ilipokuwa ikipigwa.

Baba yako