Muulize Fundi wa Sauti: Nobu, Waya na Lawama za Mzee

Safari hii barua za sinthesaiza zimejaa mezani hadi nimeacha za spika na maikrofoni zisubiri. Nyingine nimezifupisha maana kuna mtu ameniandikia kurasa nne kabla hajafika kwenye swali.

Fundi habari. Mimi na mdogo wangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema kinanda chochote cha umeme ni sinthesaiza, mimi nasema hapana. Tuamulie. — Mbishi

Umeshinda wewe, ila goli moja tu usitambe. Sinthesaiza inaiunda sauti yenyewe, kwa umeme au kwa hesabu za kompyuta, alafu inakuruhusu uingie ndani uibadilishe unavotaka. Vinanda vingi vya umeme vinacheza sampo, yaani mtu alishapiga piano ya kweli ikarekodiwa, wewe ukibonyeza inatoka ile ile.

Na funguo za piano siyo zinazoifanya iwe sinthesaiza. Don Buchla kule California miaka ya 1960 alizikataa kabisa, akaweka vibao vya kugusa kwa kidole, sababu mtu akiona nyeusi na nyeupe mikono inakimbilia nyimbo anazozijua tayari. Robert Moog, aliyetoa mashine yake ya kwanza 1964 upande wa pili wa Marekani, akakubali funguo, na huyo ndo watu walimuelewa haraka zaidi. Mdogo wako mpe nusu maksi, vinanda vingi vya siku hizi vinachanganya sampo na sinthesaiza ndani ya boksi moja.

Shikamoo fundi. Nimeshusha sinthesaiza ya bure kwenye laptopu, ina preseti mia kadhaa, yaani sauti zilizopangwa tayari. Nikitaka kutengeneza sauti yangu nazungusha nobu hovyo hadi sauti inapotea kabisa, hata nikibonyeza hakuna kitu. Nianzie wapi? — Nimepotea

Marahaba. Hiyo sauti kupotea ni dalili nzuri kumbe, maana umegusa vitu vinavyofanya kazi kweli. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kurudisha kila kitu mwanzo, mara nyingi imeandikwa Init, utabaki na sauti moja kavu isiyo na utamu wowote. Hapo hapo usiondoke.

Sauti inaanzia kwenye osileta, sehemu inayotoa mlio wenyewe. Chagua wimbi la msumeno, lile lenye mchoro wa meno, kwa sababu limebeba hamoniki zote, yaani milio ya juu inayojificha ndani ya noti: ukipiga noti ya hezi 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) ndani yake kuna 220, 330, 440 na kuendelea, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Wimbi la mraba lina zile za namba witiri tu ndo maana linasikika kama lina shimo katikati, kama klarineti hivi. Sasa ukishakuwa na sauti iliyojaa namna hiyo kazi inayobaki ni kupunguza, na anayepunguza ni filta. Ile ya kawaida inapitisha sauti za chini inakata za juu, ishushe polepole huku umeshikilia noti moja utasikia kama mtu anaifunika kwa blanketi. Nobu ya resonansi iliyo jirani yake inapandisha sauti pale pale filta inapokatia, ikizidi inaanza kupiga mluzi, kwa hiyo punguza volyumu kwanza tafadhali, masikio hayana spea.

Alafu kuna envelopu, inayoamua sauti ipande na kushuka vipi tangu unapobonyeza, na hapa ndo nadhani ulipopotelea. Ina nobu nne. Ataki ni muda sauti inaochukua kupanda, dikei ni muda wa kushuka kutoka kileleni, sasteini ni kiwango inapokaa wakati kidole bado kipo kwenye ufunguo, rilisi ni muda wa kufifia ukishaachia. Angalia, tatu ni muda lakini sasteini ni KIWANGO, na kila mtu anakosea hapo, hata mimi nilikosea mwaka mzima. Ukiweka ataki sifuri, dikei fupi kabisa na sasteini sifuri, noti inakufa kabla hujaisikia na unabaki unajiuliza spika zimeungua. Sababu ya pili ya ukimya ni kufunga filta hadi chini na envelopu yake (filta nayo mara nyingi ina ya kwake) haiifungui, basi hakuna kinachopita. Hizo mbili ndo naziangalia kabla sijaanza kuchomoa waya.

Sasa jaribu hivi. Msumeno huo huo mmoja, ataki sifuri, dikei kama robo ya sekunde, sasteini sifuri: umepata kitu kinachodonolewa kama kamba. Alafu usiguse chochote kingine, peleka ataki sekunde 2, sasteini juu, rilisi sekunde 3, na hapo umepata wingu la sauti la kutandika nyuma ya wimbo. Osileta ni ile ile. Ukishaielewa hiyo zile preseti mia kadhaa zitaanza kukuonyesha zilivyoshonwa.

Na usione aibu kutumia preseti. Sinthesaiza ya Yamaha DX7 ilipotoka 1983 ilikuwa na vitufe vingi na kioo kidogo sana, na njia yake ya kuunda sauti, ile aliyoigundua John Chowning pale Stanford mwaka 1967, inatumia osileta kutikisa osileta nyingine, kwa hiyo ukibadilisha namba moja hujui kitakachotoka. Wanamuziki wengi wakubwa wakaona bora waishi na sauti za kiwandani, ndo maana sauti ile ile ya piano ya umeme ya DX7 inasikika kwenye nyimbo nyingi za miaka hiyo. Lakini wapo pia waliozungusha nobu hovyo kama wewe ikawalipa. Mashine ya Roland TB-303 ilitengenezwa impigie besi mtu anayefanya mazoezi peke yake, kama gitaa la besi ilikuwa kichekesho, ikaacha kutengenezwa 1984. Vijana wa Chicago wa kundi la Phuture wakaichukua, wakaiacha ijirudie huku wanazungusha filta na resonansi, na 1987 wakatoa Acid Tracks, ndo asidi hausi, muziki wa dansi wa mashine, ikapata jina. Kwa hiyo endelea kuzungusha, ila moja moja.

Kaka fundi, baba yangu alipiga gitaa kwenye bendi enzi zake. Akinikuta na mashine zangu anasema huo siyo muziki, mashine inapiga yenyewe mimi nabonyeza tu. Nimjibu nini bila kumkosea adabu? — Mtoto wa Mpiga Gitaa

Usimjibu mwanangu, msimulie.

Msimulie habari za mwanamuziki Wendy Carlos. Mwaka 1968 alitoa albamu ya kazi za Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, kwa sinthesaiza ya Moog, na Moog ile ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati. Muziki wa Bach una sauti tatu nne zinazokimbizana, basi ikabidi kila mstari urekodiwe peke yake, uwekwe juu ya mwingine kwenye tepu, na mashine yenyewe ilikuwa haikai kwenye tyuni, unapiga vipande vichache unasimama unaityuni upya. Ile albamu ikapata Grammy tatu. Muulize mzee kama gitaa lake liliwahi kumsumbua hivo.

Alafu Delia Derbyshire wa BBC, aliyetengeneza muziki wa kufungulia Doctor Who, tamthilia ya televisheni, mwaka 1963 bila sinthesaiza yoyote. Alirekodi milio ya osileta za maabara na kamba moja iliyodonolewa, akakata tepu vipande kwa wembe kwa kipimo cha kila noti, akaviunganisha. Ron Grainer aliyeandika tyuni yenyewe alitaka jina la huyo mama liandikwe pamoja na lake, wakubwa wakakataa.

Na kama bado hajalainika mwambie habari za mwanamuziki Hailu Mergia wa Ethiopia, 1985, peke yake studio Marekani na akodioni, Moog, piano ya umeme na DX7, akarekodi nyimbo za zamani za nyumbani kwao. Miaka mingi baadaye alikuwa dereva wa teksi Washington, na kinanda kwenye buti ya gari, akisubiri abiria anapiga. Mashine ingekuwa inapiga yenyewe asingekuwa na haja ya mazoezi hayo.

Ila na mimi niwe mkweli, baba yako ana hoja mahali. Kuna watu wanawasha sikwensa, ile mashine inayorudia noti ulizoipangia, ya vipande vinne wanaiacha dakika sita bila kugusa kitu wanaita wimbo. Kama wewe ni mmoja wao mzee amekushika.

Nimeunganisha waya wa MIDI toka kibodi hadi sinthesaiza, taa inawaka, sauti hakuna. Mbovu ni waya? — Kimya

Waya mzima. MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii kati ya 0 na 127, sasa achia. Sauti inatoka kwenye tundu la sauti la sinthesaiza, kwa hiyo inahitaji waya wake kwenda kwenye spika. Kama huo upo, angalia chaneli, zipo 16, na vyombo vyote viwili viwe kwenye namba moja.

Fundi, nimenunua sinthesaiza ya analogi (inayounda sauti kwa umeme, siyo kwa hesabu za kompyuta) ya zamani, iliyotumika. Nikiwasha iko sawa, nikipiga kidogo inateleza inaacha tyuni, nikiityuni inateleza tena. Aliyeniuzia hapokei simu. — Nimepigwa?

Huenda hujapigwa. Saketi ya osileta za zamani inasikia joto kuliko wewe, transista zikipata moto noti zinahama, na zikifikia joto la kudumu zinatulia. Iwashe, iache nusu saa bila kuigusa, ndipo uityuni. Isikae karibu na dirisha lenye jua wala mbele ya feni. Kama ina kitufe cha kujityuni yenyewe kibonyeze baada ya hiyo nusu saa, siyo kabla.

Kingine hujauliza lakini nakuambia: kama inahifadhi sauti, ndani kuna betri ndogo, na ikifa au ikivuja zote zinapotea na pengine saketi inaliwa. Hamisha sauti zako mahali pengine kwanza alafu mpe fundi aibadilishe, usifungue mwenyewe, humo ndani kuna sehemu zinashika umeme hata ukichomoa plagi.

Baada ya nusu saa ikiwa bado inateleza niandikie tena, na uniambie zinahama osileta zote pamoja au moja tu, maana hapo majibu ni mawili tofauti.