Mti wa mepo chunguni: kinachogandishwa ni mizizi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mti wa mepo (maple) wa Kijapani kwenye chungu cha udongo, uani. Huku baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Muuzaji aliniambia mti huu unaistahimili, lakini mwenzake niliouacha nje mwaka jana haukuchipua tena. Je, huu niuingize sebuleni?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mti wako. Muuzaji alisema kweli, ila ni kweli ya mti uliopandwa ardhini. Ardhi iliyofunikwa theluji haipoi kama hewa. Chungu kinazungukwa na baridi pande zote, na mizizi haina ukakamavu wa matawi: ile michanga huanza kufa baridi ya udongo ikikaribia nyuzi 10 chini ya sifuri. Nawe hutajua. Mti utasimama vilevile hadi miti mingine ichipue, wako ukibaki kimya.

Sebuleni, hapana. Wa kwanza wangu niliuingiza kwa huruma. Januari ukatoa majani membamba, yamepauka, na kabla mwezi wa pili haujaisha yakawa yamenyauka yote. Niliulilia mti ule. Mepo lazima ulale kwenye baridi wiki nyingi. Joto la nyumba huuamsha kabla ya wakati na kumaliza akiba yake.

Siku hizi nauacha nje upukutishe majani yote, upigwe na jalidi kidogo, yaani umande ulioganda, ndipo nauhamishia banda la gari lisilopashwa joto. Kipimajoto nakiweka sakafuni kando ya chungu, maana baridi hutulia chini. Kikisoma kati ya 0 na 5 nimeridhika; kikienda chini ya sifuri nakiviringishia chungu blanketi kuukuu. Giza halidhuru, mti hauna majani. Kinachoua humo ni kiu. Mti ulio uchi haukumbushi mtu kuwa unakunywa, kwa hiyo kila baada ya wiki 2 au 3 nachomeka kidole udongoni, na nikikuta pakavu naumwagilia kidogo. Usiloweke, mizizi itaoza.

Kama huna banda, fukia chungu ardhini hadi ukingoni, mahali pasipo upepo wala jua kali la mchana, urundike majani makavu juu yake. Shina lizungushie wavu wa nyaya. Panya hupita chini ya theluji wakatafuna gome. Ila chungu chako cha udongo kinaweza kupasuka, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ukifukie tu ikiwa uko tayari kukipoteza.

Macho ya matawi, yale yatakayochipua majani, yakianza kuvimba, utoe mti nje, kivulini. Majani machanga huungua kwa jalidi ya usiku mmoja, hivyo mimi huubeba nje asubuhi na kuurudisha jioni, hata wiki 3 mfululizo. Mgongo unauma, lakini siku yale majani mekundu yanapokunjuka, naita kila aliyemo nyumbani aje kuyaona.