Swali la Lugha: Lenzi ya kupiga picha karibu, au ya kupigia picha za karibu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wapiga picha hapa Dodoma. Tunaandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu kutumia lenzi za zamani, zile za kuzungusha kwa mkono, kwenye kamera za kisasa za dijitali, kwa ajili ya picha za vitu vidogo: zabibu za Hombolo na Makutupora, nyuki, maua ya alizeti. Tumekwama kwenye sentensi ya kwanza: "Lenzi kuukuu za mwongozo zinafaa sana kupiga picha karibu kuliko lenzi mpya za kuvuta." Mmoja wetu anasema "kuukuu" inazishusha hadhi, iwe "kongwe". Mwingine anataka "lenzi za mtumba". Wa tatu anashikilia kwamba lazima iwe "kupigia". Tuandikeje? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Ndugu zangu, wote watatu wana hoja, na nitawafikia. Ila neno linalonisumbua zaidi katika sentensi hiyo ni lile ambalo hakuna aliyelibishia: "mwongozo".

Mwongozo ni maelekezo, au kitabu chenye maelekezo. Kuna mwongozo wa mwalimu, mwongozo wa mtumiaji, na hicho mnachokiandika chenyewe ni mwongozo. Katika Kiingereza neno moja, "manual", linabeba kijitabu cha maelekezo na pia kazi inayofanywa kwa mkono, na mfasiri mwenye haraka huchukua maana ya kwanza mahali panapotaka ya pili. Mkulima wa Mpunguzi akisoma "lenzi za mwongozo" ana haki ya kudhani ni lenzi zinazouzwa pamoja na karatasi ya maelezo. Liondoeni.

Msikimbilie pia "lenzi za mkono". Aliyesoma sayansi shule ya msingi anaijua lenzi ya mkono: ni ile yenye mpini, ya kukuzia mdudu au jani. Kitu kingine kabisa, na kwa bahati mbaya kinahusu vitu vidogo vilevile, kwa hiyo msomaji wenu atapotea bila kujua kuwa amepotea.

Napendekeza "lenzi za kufokasi kwa mkono". Kufokasi ni mkopo, lakini umeshakaa. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinaposema lenzi mbinuko hukusanya miale ya mwanga, pale inapokutania huitwa fokasi, na kitenzi kimejitokea chenyewe midomoni mwa watu: nimefokasi, haijafokasi, fokasi kwenye jicho. Wapo wanaoukwepa mkopo huo kwa kusema "kulenga kwa mkono". Mimi siafiki. Kulenga ni kuelekeza kitu kwenye shabaha. Unaweza kuilenga punje ya zabibu ikakaa katikati ya picha barabara, kisha picha ikatoka hafifu, kingo zote zimeyeyuka. Umelenga, hukufokasi. Kwa mpiga picha hizo ni kazi mbili, na lugha ikizichanganya, maelekezo yenu hayatafuatika.

Sasa "kupiga" na "kupigia". Huyu wa tatu ana jicho zuri la sarufi. Tunasema nguo za kufua, lakini sabuni ya kufulia. Tunasema maji ya kunywa, lakini glasi ya kunywea. Nguo ndizo zinazofuliwa. Sabuni ni chombo tu. Kiswahili kinapotaja chombo baada ya kile kiunganishi cha "-a", hupenda kukipa kitenzi chake kauli ya kutendea: kisu cha kukatia nyama, jembe la kulimia, kalamu ya kuandikia. Lenzi haipigwi, ni chombo cha kupigia. Kwa hiyo "lenzi ya kupigia picha". Je, anayesema "lenzi ya kupiga picha" amekosea? Kwenye mazungumzo hapana, kwa sababu neno "picha" limekaa palepale na linaonyesha kinachopigwa ni nini. Hata "kamera ya kupiga picha" inasemwa kila siku. Lakini kwa kijitabu kitakachochapwa na kutumika kufundishia, andikeni "kupigia".

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini sikuandika "lenzi za kufokasia". Katika kufokasi, lenzi yenyewe ndiyo inayoshughulikiwa: unaishika, unaizungusha, unaifokasi. Iko upande wa nguo za kufua, haiko upande wa sabuni.

Tuje kwenye "karibu", neno ambalo tunaliamini kupita kiasi kwa sababu tunalitumia kila siku mlangoni. "Kupiga picha karibu" kunaweza kueleweka kama kupiga picha mahali palipo jirani. "Piga picha karibu na mzabibu" ni maelekezo kwa mtu anayetaka kusimama hapo apigwe yeye. Mnachokitaka ni sifa ya picha, si mahali pa kupigia, kwa hiyo "picha za karibu" ni sahihi. Msije tu mkaandika "picha za karibuni", maana hizo ni za juzi na jana. Na pale kitu kinapochorwa kwenye kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, kwa ukubwa wake halisi, tumieni "makro". Wapiga picha wameshalizoea. Kihisi, nasema, si "sensa": kwa Mtanzania sensa ni kuhesabu watu.

Hapo ndipo "kuvuta" inapoleta mkanganyiko ambao, kwa maoni yangu, ni mzito kuliko ubishi wenu wote. Simu zimetuzoesha kuvuta: unatandaza vidole viwili, kitu kinakuja. "Lenzi ya kuvuta" ni jina zuri la lenzi ambayo urefu wake wa fokasi unabadilika. Wewe umesimama, kitu kinaletwa. Lakini nyingi ya lenzi mnazozisemea hazivuti. Helios 44-2 ya Urusi ya Kisovieti ina milimita 58, na zitabaki 58. Mkimwandikia msomaji "vuta zabibu karibu", atageuza kila pete apate ya kuvutia na hataipata. Mwambieni "karibia zabibu", "sogea". Kitenzi kinamtaka mtu anyanyue miguu, na ndivyo kazi ilivyo.

Hata kusogea kuna mpaka. Helios hiyo haifokasi kitu kilicho chini ya nusu mita, na kwa nusu mita punje ya zabibu bado ni kidoa. Dawa yake ni zile pete tupu, zisizo na kioo ndani, zinazopachikwa kati ya lenzi na kamera ili lenzi ikae mbele zaidi. Naona nyaraka zingine zikiziita kwa maelezo ya mstari mzima. Ziiteni "pete za kusogezea lenzi", au "pete za kusogezea" kwa kifupi, na mtaona ile kauli ya kutendea imewasaidia tena. Hesabu yake inafaa kuandikwa kwa Kiswahili chepesi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Pete za jumla ya milimita 29 kwenye lenzi ya milimita 58 zinakupa nusu ya ukubwa halisi. Pete za milimita 58 zinakupa ukubwa halisi wenyewe. Kwa pete hizo za pili, punje yenye kipenyo cha milimita 20 inachorwa kwa milimita 20 kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, yaani inakaribia kuujaza upande wake mfupi.

Na hapo ukali unakuwa mwembamba sana. Ukibana tundu, yaani nafasi ndani ya lenzi inayopitisha mwanga, hadi kipimo cha f/8, eneo lenye ukali halizidi milimita 1 hivi kwa kina. Ule unga mweupe unaofunika ganda la zabibu utaonekana chembe kwa chembe upande unaokukabili, na kikonyo nyuma yake kitakuwa rangi tu. Kwa kipimo hicho pete ya kufokasi inasaidia kidogo. Anayefokasi ni kiwiliwili, kinachoinama mbele na kurudi nyuma polepole huku macho yakifuata kingo zinavyokaa sawa kwenye skrini. Kamera nyingi za sasa hukuza sehemu ya picha kabla hujapiga, au kuzipaka rangi kingo zilizoingia kwenye fokasi. Bado naiita "kwa mkono", kwa sababu kinyume chake ni lenzi inayofokasi yenyewe, na msomaji ataelewa.

Nimetumia "kubana tundu" kwa makusudi. Wengi husema "funga lenzi hadi f/8", kisha ukurasa huohuo wanaandika "funga lenzi kwenye kamera". Mwanafunzi afunge nini? Tenganisheni: lenzi inapachikwa, tundu linabanwa au linapanuliwa. "Ongeza tundu" nayo iachwe, maana namba ya f ikiongezeka tundu linapungua, na hamtajua msomaji ameongeza kipi.

Kuhusu umri: kuukuu, kongwe, mtumba. "Kuukuu" ni kitu kilichotumika mpaka kikachoka: nguo kuukuu, kiatu kikuukuu. Aliyelipinga yuko sahihi, maana lenzi ya miaka 50 ambayo pete zake bado zinazunguka laini haijachoka. "Kongwe" lina heshima, ndiyo maana Zanzibar kuna Mji Mkongwe na redioni tunasikia mwanamuziki mkongwe, lakini heshima hiyo hupewa kilichodumu na kujulikana. Ipeni Helios, msiigawe kwa kila lenzi iliyookotwa kabatini. "Mtumba" linataja njia ambayo kitu kimekufikia, halitaji umri wake. Lenzi iliyotengenezwa mwaka juzi na kuuzwa tena leo ni ya mtumba. Na kwa ninyi mlioko Dodoma kuna jambo la zaidi: Mji wa Serikali uko Mtumba. Kwenye maandishi herufi kubwa itawaokoa, lakini mkisema kwenye mafunzo "tumepata lenzi za mtumba", atakuwepo atakayeuliza ni za wizara gani.

Mimi ningeandika "lenzi za kamera za filamu". Jina hilo linasema kitu kimoja ambacho umri peke yake hausemi: zilitengenezwa kwa ajili ya kamera ambazo mwili wake ulikuwa mnene. Lenzi za skrubu ya milimita 42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera ya Sony ya mlango wa E, yaani aina ya mahali pa kupachikia lenzi, inahitaji milimita 18 tu, Nikon Z 16. Nafasi inayobaki ndiyo inayoipa adapta, ile pete ya kuunganishia lenzi na kamera zisizolingana, pa kukaa. Neno "kamera" lisidondoke, kwa sababu "filamu" peke yake siku hizi ni sinema.

"Zinafaa sana... kuliko" irekebishwe iwe "zinafaa zaidi... kuliko". Lakini kabla ya kurekebisha, jiulizeni kama mnataka kulinganisha kweli. Lenzi ya zamani haishindi kwa kuwa ya zamani. Inafaa kwa sababu pete ya tundu iko kwenye lenzi yenyewe, kwa hiyo inatii hata ukiiwekea pete za kusogezea za bei nafuu zisizopitisha umeme. Lenzi nyingi mpya hapo haziwezi kubana tundu. Basi semeni hivyo: "Lenzi za kamera za filamu, za kufokasi kwa mkono, zinafaa kupigia picha za karibu kwa kamera za kisasa, kwa sababu tundu lake hubanwa kwa pete iliyo kwenye lenzi yenyewe."

Nyongeza moja ambayo hamkuiuliza, lakini mtaihitaji kwenye sura ya kununua. Muuzaji akisema "ina ukungu kidogo", muulizeni ukungu upi. Kiswahili kinatumia neno hilo kwa ule wa asubuhi na kwa ule wa mkate uliolala. Kwenye lenzi, utando wa mvuke au mafuta na kuvu lililoota ndani ya vioo ni madhara mawili tofauti: utando mara nyingi fundi anaufuta, kuvu likikaa muda mrefu hula mipako ya kioo na alama yake haitoki. Katika kijitabu chenu uacheni "ukungu" uwe wa utando peke yake, na hicho kingine kiitwe kuvu. Lenzi iliyokaa miaka Tanga au Dar es Salaam, kwenye hewa yenye unyevu, imulikeni kwa tochi mkitazama kutoka upande wa pili: nyuzi nyembamba kama mizizi ndizo kuvu, weupe ulioenea sawasawa ni ukungu.