Usiling'oe! Hesabu kwanza meno ya mtoto kuanzia katikati

Mama wa Mafinga, safari yako ya Jumatatu iahirishe mpaka umalize kusoma hapa. Umesema kijana ana miaka saba, gego la chini kushoto, la mwisho kabisa, lina tundu jeusi, analia akila kitu kitamu au akinywa maji ya baridi, shavu halijavimba. Ukauliza wapi wanang'oa kwa bei nafuu kati ya Iringa na Mbeya, anunuliwe dawa gani ya meno, na utamtulizaje maana ni mwoga. Watu watatu wakakujibu hapo juu: "Ng'oa tu, hilo la utoto, litaota lingine." Nimesoma mikono inatetemeka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Gego la mwisho la mtoto wa miaka saba kwa kawaida si la utoto. Ni la kudumu. Likitoka limetoka.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa darasa la pili, miaka minane. Mwezi wa sita, baridi ya Uyole mnaijua, kila akinywa maji anashika shavu. Nikaenda duka la dawa. Muuzaji hata hakumwambia mtoto afungue mdomo, akasema, "Meno ya utoto hayo baba, nenda kang'oe, unateseka bure." Akaniuzia panadol na kunielekeza sehemu moja mjini.

Huko tukamkuta kijana wa koti jeupe. Hakuuliza umri. Hakupiga picha. Aliuliza tu lipi linauma, binti akaonyesha kwa kidole, basi. Sindano ya ganzi akaivuta mbele ya macho ya mtoto, na mtoto alipopiga kelele akasema, "Mshikeni." Shangazi yake akashika mikono, mlinzi wa mlangoni akaitwa kushika kichwa, mimi baba yake nikakandamiza miguu. Alivyokuwa anarusha miguu, soksi moja ya shule ilivuka ikabaki mkononi mwangu, na nikaendelea kushika. Ganzi haikupewa hata muda wa kukolea. Alilia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia tena mpaka leo.

Jino lilipotoka lilikuwa kubwa, lina mizizi miwili mirefu, imara. Sasa ninajua kwamba jino la utoto linaloanguka kwa wakati wake hutoka karibu bila mzizi, kwa sababu jino jipya linalopanda chini yake limeshaula. Siku ile sikujua. Lakini yule aliyeshika koleo alipaswa kujua, na alilitazama vizuri kabisa! Akalifunga kwenye pamba, akampa mtoto, akamwambia, "Katupe juu ya bati, litaota jipya."

Jioni ile binti akalitupa juu ya bati. Kwa miezi mingi akawa anakuja asubuhi, anafungua mdomo: "Baba, limeanza?" Namulika kwa tochi ya simu, naona fizi tupu, namwambia bado kidogo. Nimemdanganya mwanangu bila kujua kuwa ninadanganya.

Aliyenieleza ukweli ni daktari wa meno aliyemwona miaka miwili baadaye, upande wa pili ulipoanza kuoza nao. Alimpa mtoto kioo akishike mwenyewe, wakahesabu pamoja kwa sauti kuanzia katikati ya meno ya mbele. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akanigeukia: "La sita liko wapi, baba?"

Kanuni yangu ndiyo hiyo moja, na nitairudia hapa jukwaani mpaka mnichoke. Kabla mtu hajamgusa mtoto wako na koleo, hesabu. Meno ya utoto yako 20, matano kila upande, juu na chini. La kwanza na la pili ni ya mbele, la tatu chonge, la nne na la tano magego ya utoto. Kama kuna pengo, lihesabu nalo kama jino. La sita ni la kudumu. Linaota karibu na miaka sita, nyuma ya mengine yote, na wala hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana mzazi hana habari. Ni jipya, mtoto halifikishi mswaki vizuri huko nyuma, lina mifereji inayokamata chakula, kwa hiyo linawahi kutoboka. Halafu tunaliita la utoto, tunaling'oa.

Binti yangu leo yuko kidato cha kwanza. Gego linaloota karibu na miaka kumi na miwili limetoka limeinama kuelekea kwenye pengo, na la juu limeshuka kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye. Nyama ikinasa hapo anahangaika na kijiti nusu saa. Hilo lote lingezuiwa kwa kuziba. Daktari aliniambia maumivu ya vitu vitamu na vya baridi yanayoisha upesi mara nyingi maana yake mshipa wa jino bado ni mzima, jino linazibika. Likianza kumwamsha usiku kazi inakuwa kubwa zaidi, lakini hata hapo uliza kama linaokoleka kabla ya kukubali koleo. Shavu likivimba na homa juu, hapo usingoje Jumatatu, peleka hospitali siku hiyo hiyo.

Na nyie mnaosema "hata kama ni la utoto si litatoka tu", magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi, kumi na miwili. Ndiyo yanayoshikilia nafasi ya wenzao walio chini. Ukiyatoa mapema, majirani wanasogea, meno mapya yanakuja kubanana. Acheni kumshauri mama wa watu kwa mazoea.

Kuhusu uoga. Baada ya siku ile binti yangu alikuwa akiona koti jeupe anajificha nyuma yangu. Yule daktari wa pili siku ya kwanza hakufanya kitu zaidi ya kuhesabu. Siku ya pili alimweleza kila kifaa, akakigusisha kwanza kwenye ukucha wake, ndipo akakiingiza mdomoni. Walikubaliana akiinua mkono wa kushoto, daktari anasimama. Aliinua mara mbili, na kweli alisimama. Tundu lilikuwa dogo, akalisafisha kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kelele, bila sindano, akaziba kwa dawa inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na wengi wetu hatujawahi hata kuisikia! Ulizia kama wanaifanya unakokwenda. Kama kijana wako itabidi achomwe ganzi, omba apakwe kwanza ya kupaka kwenye fizi, na isubiriwe ikolee. Wakikuambia mshike kwa nguvu wakati hakuna dharura, mnyanyue mtoto muondoke. Na nyumbani usimtishie "nitakupeleka ukachomwe sindano". Sisi tulikuwa tunasema hivyo kila akikataa kula.

Leo usiku mlaze kichwa mapajani pako, mulika kwa tochi ya simu, hesabu polepole kuanzia katikati. Hesabu mara mbili. Halafu niandikie hapa lenye tundu ni la ngapi, nitakuwa macho.