Barua kwa mwanangu: anza na ganda

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kaloleni. Sisi hapa wazima, goti la mama yako limetulia, na Kisumu kuna joto kama kawaida yake. Barua yako nimeisoma jana baada ya magharibi, nikairudia asubuhi. Umeuliza jambo moja: ununue ile mashine ya aiskrimu uliyoonyeshwa dukani huko Nakuru, au uendelee na machungwa ya barafu kwa mkono: kugandisha juisi kwenye friza, kuikwangua kwa uma na kuijaza ndani ya ganda la chungwa, kama ulivyotuona tukifanya. Unasema wateja wa mkahawa wako sasa wanayaulizia kila Jumapili, na mkono umekuchoka.

Nitakujibu. Lakini mbona katika barua nzima umetaja juisi, sukari, friza, bei ya mashine, mpaka umeme, na ganda hukuligusa hata mara moja? Nimekwambia tangu ukiwa hujafika urefu wa meza: anza na ganda. Yaliyo ndani hata mtu wa kawaida atayaweza. Ganda ndilo litakalosema kama wewe ni mpishi.

Pale hotelini nilipofanya kazi, mpishi mkuu aliyaandika kwenye menyu kwa Kifaransa, oranges givrées, na ya limau akasema ameyaona Italia. Wageni watalii waliyapenda. Kijana mpya akiingia jikoni, mzee yule hakumpa juisi wala sukari. Alimpa kreti la machungwa na kijiko, akamwacha atoe nyama. Anayetoboa ganda anarudia. Nilijifunza hivyo na nashukuru.

Basi sikiliza. Kata kichwa cha chungwa, theluthi ya juu, kisu kiende mara moja bila kusitasita, na kile kichwa ukihifadhi kwani ndicho kofia yake. Chini punguza kidogo tu ili lisimame, usifike kwenye nyama, maana likitoboka hapo litavuja na hakuna dawa. Halafu usilikamue kwa mashine ya kukamulia. Pitisha kisu kidogo kuzunguka baina ya nyama na ule utando mweupe, ingiza kijiko, zungusha, uvute. Nyama ikitoka, kwangua nyuzi zilizobaki lakini ule weupe usiumalize wote. Ndio unaoshikilia ganda, na pia ndio wenye uchungu, kwa hiyo usiuguseguse mpaka uchanganyike na juisi. Maganda yakiwa safi, yapange kwenye sinia pamoja na kofia zake, yaingie friza yakiwa matupu, yalale humo usiku kucha. Ukijaza ganda lisilogandishwa, barafu itayeyuka pembeni kabla haijashika, na ganda litalegea mkononi mwa mgeni.

Na usije ukamimina juisi ya maji ndani ya ganda ukidhani itaganda humo humo. Maji yakiganda huvimba kama asilimia 9. Utapata jiwe ndani ya ganda lililopasuka.

Juu ya machungwa yenyewe, sijui hapo Wakulima Market wanakuuzia yapi. Ukipata yale ya kitovu, yasiyo na mbegu, ganda lake ni nene na zuri sana kwa kazi hii, ila juisi yake ikikaa inaanza uchungu hata ukiwa umeikamua vizuri. Kwa hiyo ganda lichukue la kitovu, na juisi uitoe kwenye Valencia. Ile juisi ya kitovu inywe siku hiyo hiyo. Machenza usiyajaribu. Ganda lake linabanduka kwa urahisi, lakini halina nguvu ya kusimama. Ya kijani ya Tanga na ya pwani ni matamu kuliko mengi ya manjano, na ukijani wake ni kwa sababu usiku wa kule hauna baridi ya kuligeuza ganda rangi. Hili la rangi nitalirudia.

Sukari, kwa lita moja ya juisi ya machungwa weka gramu 200 hivi. Ukijumlisha na ile sukari iliyomo kwenye tunda lenyewe, unafika karibu robo ya uzito wote, na hapo ndipo barafu inakubali kijiko. Sukari ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Ikipungua, watu watavunja meno. Ikizidi, utangoja mpaka kesho na bado ni uji. Malimau juisi yake changanya na maji nusu kwa nusu, na sukari ifike gramu 300 kwa lita. Sukari hii yetu ya Muhoroni na Chemelil yenye hudhurungi kwa machungwa haidhuru, ila kwa malimau tumia nyeupe. Kama huna mizani, fanya kama mama yako: osha yai bichi lililotagwa karibuni, litumbukize zima kwenye sharubati. Likizama, ongeza sukari. Likielea na kutoa uso wenye ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, umefika. Uso ukizidi hapo, ongeza juisi. Na juisi usiichemshe kamwe. Maganda ya juu kabisa, ile rangi tu, yakwangue uyafikiche na sukari kwa vidole mpaka sukari ilowe na kunukia, ndipo umimine juisi.

Nimemtaja mama yako, na najua utamuuliza, kwa hiyo nikueleze mimi. Wewe ulikuwa chuoni Njoro mwaka ule, ukasikia nusu ya habari.

Unakumbuka alivyokuwa akiuza barafu za mfuko kwa watoto wa shule, zile za rangi na za ukwaju. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, adhabu yake faini ya kuanzia milioni 2 au jela, nani angethubutu kwa barafu za shilingi tano? Wenzake waliacha. Yeye alikaa siku kadhaa kimya, halafu akaniuliza, yale machungwa ya hotelini mlikuwa mkiyafanyaje? Nikamwonyesha. Akaanza na nusu za ndimu, ndogo, za watoto, kila nusu na kijiti chake. Sikuwahi kuona mtu anayelisafisha ganda la ndimu upesi namna ile. Mimi niliyekaa hotelini miaka yote hiyo nilikuwa naharibu, yeye haharibu.

Ndipo shangazi yako alipotuomba tuandae kitu cha mwisho kwenye walima wa binamu yako, kule Manyatta. Mama yako akasema machungwa ya barafu. Tukanunua sokoni Kibuye, ya kijani, makubwa, matamu ajabu. Maganda tukayatengeneza mapema yakalala friza kwa jirani. Usiku wa kuamkia walima umeme ukaenda. Sharubati ilikuwa bado maji matupu kwenye sufuria.

Alfajiri nikatoka na pikipiki mpaka Dunga, biichi ya ziwani, kwa wanaopakia samaki wa mbuta, nikanunua barafu ya samaki magunia mawili. Usikunje uso, haikugusa chakula. Tulitia barafu kwenye karai kubwa, barafu mafungu matatu kwa chumvi fungu moja, tukaikandamiza kuizunguka sufuria. Chumvi inaiyeyusha barafu, na katika kuyeyuka inavuta joto kutoka kwa kila kilicho karibu. Baridi yake inapita ile ya barafu peke yake, inaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Mama yako alifunga mfuniko kwa kitambaa ili maji ya chumvi yasiingie, akavingirisha mikono kwenye leso, akaishika sufuria kwa masikio yake na kuizungusha huku na huku. Kila baada ya muda anafungua, anakwangua pembeni kwa mwiko, anarudisha katikati. Nje ya sufuria ilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na kidole ukikigusisha kinanata. Jua lilipochomoza ndani mlikuwa na barafu laini ambayo pale hotelini, na mashine yao, hatukuwahi kuipata. Naapa kwa hilo. Tukajaza, tukafunika kofia, tukayazika maganda kwenye barafu iliyobaki, yamefungwa vizuri, mpaka saa ya kuandaa.

Sinia la kwanza likapelekwa kwa wazee wa upande wa bibi harusi. Mzee mmoja akalitazama, machungwa ya kijani yamejipanga, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Juisi mmekunywa nyinyi, sisi mwatuletea maganda?" Wenzake wakacheka. Sinia likarudi lilivyo.

Mama yako hakusema neno. Aliliweka chini akaendelea kuosha vikombe.

Mwanangu, bado linaniuma. Halafu nikikaa nasema, labda mzee alikuwa na haki yake. Kwetu mgeni wa walima anapewa chombo bora cha nyumba, na ganda ni la mbuzi. Mtu hajawahi kuona kitu hicho, amevaa kanzu yake, anawekewa mbele chungwa la kijani ambalo machoni pake ni bichi. Tungenunua ya manjano, labda angenyoosha mkono. Mama yako anakataa hilo. Anasema hata yangekuwa ya dhahabu angeyarudisha, kwa kuwa alikuja akitafuta la kusema. Mimi nikiwaza sana nafika hapa: asingependa baada ya kuonja, ningenyamaza. Lakini hakufunua kofia. Kofia tu! Kilichokuwa chini yake kilikuwa mikono ya mama yako tangu alfajiri, na hakukitazama.

Hilo ndilo la kuudhi. La kufurahisha ni kwamba watoto wa mtaa waliona sinia likirudi, na watoto hawana itikadi za sahani. Yaliisha kabla sijageuka. Mmoja, wa nyumba ya pili, alikuja jikoni na ganda lake tupu, kofia ameirudishia sawasawa juu yake, akamnyooshea mama yako kwa mikono miwili lijazwe tena. Mama yako akalijaza, na kicheko chake siku ile nilikisikia nikiwa uani.

Kwa hiyo unaponiandikia habari za mashine bila kutaja ganda, mimi nawaza mgeni wako wa Jumapili. Anachokiona kwanza ni ganda. Limesimama wima au limelala upande? Kofia inakaa, au inateleza? Lina harufu ya friza? (Usiyaweke wazi karibu na samaki, yafunge moja moja, ganda la chungwa linavuta harufu upesi.) Umelitoa dakika kumi au kumi na tano kabla ili kijiko kiingie? Huko Nakuru kwenu kuna baridi, huenda likataka zaidi. Na ukimpa la kijani, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba limeiva. Usimwachie akisie.

Haya, mashine. Zile za bei nafuu, bakuli lake lazima lilale kwenye friza karibu siku nzima kabla ya kazi, na linatoa lita moja au moja na nusu, kisha ulirudishe tena. Friza yako naijua, nimeibeba mimi na mjomba wako kuipandisha ngazi. Bakuli likikaa humo, maganda yatalala wapi? Na barafu ikitoka mashineni bado ni laini, inarudi friza saa mbili au zaidi ndani ya maganda ndipo ishike. Mashine haikuondolei friza. Zile zenye baridi yake yenyewe ni kitu kingine, zinakoroga mfululizo na chembe zake zinakuwa ndogo kuliko za uma, hilo siwezi kulikataa. Ila umeniandikia bei, nami nimeiona.

Mama yako yuko hapa pembeni anasema nisikuamulie, wewe ni mtu mzima na biashara ni yako. Sawa, siamui. Ningekuwa na pesa hizo ningetazama kwanza friza ya pili, lakini nimesema siamui. Mkono wako ukichoka kabisa, na hesabu ya Jumapili ikakuruhusu, nunua, na mimi sitasema kitu. Ila wiki hii kabla hujaenda dukani, tengeneza maganda kumi, yalaze friza, uyajaze kwa uma, uniandikie mangapi yalisimama. Andika na ganda ulilinunua wapi na ni la aina gani. Kwa jibu hilo nitakuwa na la kukwambia.

Mama yako anauliza kama utakuja Idd. Ukija, pitia kwa shangazi yako Manyatta uchukue lile karai letu kubwa, liko kwake tangu walima.

Wasalaam,
Baba yako