Jibu: Mshauri ananipa mawaidha tu, niache?

Habari ndugu. Umeonana na mshauri nasaha hapa Dodoma mara mbili, unatoka na mawaidha ya "vumilia", sasa unataka kuacha. Mimi ningebadilisha mtu, siyo kuacha tiba. Kwanza muulize amesomea nini. Saikolojia tiba au anashauri kwa uzoefu tu? Wangu wa kwanza alikuwa anachati huku mimi nalia. Aliyefuata aliniuliza, "Ukikosa usingizi, unawaza nini hasa?" Akanyamaza mpaka nikajibu. Usingizi ulirudi taratibu, siyo siku ile. Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, nao wana wagonjwa wa nje, unaenda na kurudi nyumbani. Utani wa mtaani kuhusu wanaoenda Mirembe achana nao. Ila mawazo ya kujidhuru yakija, usingoje miadi, nenda hospitali hapo hapo.