Uchaguzi wa Toronto: mbane diwani kabla hujamjadili meya

Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 2026 Toronto inachagua meya na madiwani 25. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, meya ndiye anayejadiliwa usiku kucha. Ndugu zangu mliopata uraia wa Kanada karibuni, nusu ya nguvu hizo mpelekeeni diwani.

Aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea kuanza na chama: ukiona rangi ya fulana, umeshajua mwenye fulana yuko upande gani. Karatasi ya kura ya Toronto haina chama, ni majina matupu. Uchaguzi mdogo wa Juni 2023, baada ya Meya John Tory kujiuzulu, ulikuwa na wagombea umeya 102. Mmoja aliahidi kwamba akishinda, mbwa wake atakuwa meya wa heshima. Olivia Chow alishinda kwa asilimia 37 hivi. Orodha ya namna hiyo huwabeba wenye majina yanayojulikana, ingawa hata mgeni hupata upenyo: Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania, alianza kampeni ya jiji la Calgary mwaka 2010 akiwa nyuma kabisa, akauchukua umeya.

Diwani wa huku si yule wa kwetu unayekutana naye msibani. Mwaka 2018 serikali ya Ontario, jimbo letu, iliingilia kampeni ikiwa inaendelea, ikapunguza kata 47 zilizopangwa zikawa 25. Leo kila diwani ana wakazi zaidi ya laki moja. Akishaapishwa utampata kwa taabu, kwa hiyo mbane anapokuja kugonga mlango.

Mimi huwa na swali moja: hicho unachoahidi kiko mikononi mwa jiji au mwa jimbo? Ninakaa Scarborough, mashariki mwa Toronto. Treni yetu ya Line 3 iliacha reli Julai 2023, haikurudi tena, na mpaka leo tunapanda mabasi. Mgombea akianza kuniimbia treni ya chini ya ardhi, namkumbusha kwamba hiyo inajengwa na serikali ya Ontario. Anieleze basi litapita kila baada ya dakika ngapi na fedha zitatoka wapi, kwa sababu TTC, shirika la mabasi na treni, ni ya jiji. Kuna aliyekwepa akaanza kuniuliza nimetoka nchi gani. Mwingine alisema hajui, akaomba namba yangu, na kesho yake akapiga akiwa na jibu. Huyo nilimpa kura, japo kwenye kodi ya majengo tulibishana sana.

Ukishajua mgawanyo huo, ahadi nyingi zinapukutika zenyewe. Hospitali ni za jimbo. Viza ya mama ni ya serikali kuu, Ottawa. Taka, theluji kwenye njia za waenda kwa miguu, maktaba, viwanja vya mpira na makazi ya wasio na nyumba: hapo ndipo umbane.

Wakazi wa kudumu hawapigi kura, na naona hilo si haki, maana kodi wanalipa. Lakini kamati za baraza la jiji humsikiliza yeyote aliyejiandikisha kuzungumza, awe raia au la. Kama vijana wenu hawapati kiwanja, nendeni kikundi kizima.

Na msiniambie kura moja haina uzito. Mwaka 2022 waliojitokeza hawakufika asilimia 30. Wagombea wanalijua hilo, ndiyo maana jengo lenye wapiga kura wa kweli hutembelewa zaidi ya mara moja.

Siku yenyewe beba kitu chenye jina lako na anwani yako ya Toronto. Picha si lazima. Mkataba wa pango unatosha. Pasipoti peke yake haitoshi. Na kama umehama, hata mitaa michache tu, hakiki kata yako mapema, usije ukawa ulimbana diwani wa wenzako.